Alhamisi Sita Benchi la Nyuma

Alhamisi, 5 Machi 1992

Umerudi, wewe! Tangu Krismasi hujaligusa daftari hili. Panya wamelitafuna pembeni, kalamu imekauka mpaka nimeilamba, na wewe MaKhanyile umekaa tu kama jiwe la kusagia. Najisema mwenyewe, nani mwingine atanisema? Miaka mitatu ulitoka jasho kujifunza herufi, mwanamke mzima mwenye wajukuu, MaHlatshwayo anakushika kidole kama mtoto — halafu siku ya kuwa na neno la kuandika, unakimbia. Haya. Andika.

Muzi amekufa. Mwanangu wa mwisho, niliyebaki naye. Jumamosi ile ya mwezi wa kwanza, kwenye kisima cha mpakani. Ukame umetutoa akili. Watu wa ng'ambo ya kijito walisema kisima ni chao, wetu wakasema chetu. Falakhe, mtoto wa MaXaba, alimchoma mkuki chini ya kwapa, na Muzi alikuwa ameshika ndoo. Ndoo! Si ngao, si fimbo. Tulipomwosha, maji yaliingilia ubavu huu yakatokea ubavu ule.

Nimeandika. Sasa la leo, la aibu.

Nimempiga mtu kanisani. MaXaba, mama yake Falakhe. Manyano yetu, maombi ya akina mama ya Alhamisi, ni mamoja kwa huku na ng'ambo, maana kanisa ni moja. Tangu msiba hakuwa amekuja. Leo kaja! Blauzi nyekundu, sare ya chama chetu, ukosi mweupe umepigwa pasi, kofia nyeupe kichwani. Akawapita wote, akaja kupiga magoti ubavuni kwangu. Alinigusa kiwiko tu. Basi mkono ukaondoka wenyewe. Nilimzaba kofi akaangukia benchi, na alipoinuka nikamwongeza ngumi. Jino likatoka, jino la mbele, nikalisikia sakafuni: ti!

Na sijutii. Andika hivyo hivyo. Mkono ulikuwa mtamu mpaka begani.

MaHlatshwayo ndiye mwenyekiti wetu. Hakupandisha sauti. Akasema anayemwaga damu ya mwenzake anarudisha blauzi. Yangu iko sandukuni tangu nivae nyeusi ya msiba. Alitumwa mtu kuifuata. Benchi la nyuma, Alhamisi mpaka Alhamisi. Hakuna kuomba kwa sauti, hakuna kuanzisha wimbo. Ya sita, ambayo ni Alhamisi Kuu, nitarudishiwa — nikifika.

Nikamwuliza: mwanangu kauawa, na anayeadhibiwa ni mimi?

Ndiyo, MaKhanyile, akasema. Falakhe si mwanachama wetu. Wewe ndiye.

Mwanamke yule!

Ijumaa, 6 Machi

Mphikeleli kaja asubuhi na wanaume watatu. Ni shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, na sasa ndiye mkubwa wa boma na mkubwa wa vita. Kofia hakuvua.

— Shemeji, wiki ya sita hii. Mikuki inanuka.

Najua kinachonuka. Mtu akiuawa, silaha za nyumba yake huwa chafu mpaka zioshwe, na kuziosha ni kwenda nazo kuwinda zirudi na damu. Wanasema swala. Swala gani, na ukame huu? Kila mtu anajua uwindaji huo utavuka kijito. Lakini haiwezekani kuosha mpaka mama wa marehemu atoke mkekani. Mama akiwa bado anaomboleza, anayeushika mkuki wa mwanawe anashika laana. Hapo ndipo nimewakwamisha, wao na bunduki zao za kuundwa kwa mabomba ya maji. Natoka kwa maombi tu, narudi kukaa.

— Bado nalia, nikamwambia.

— Mbona machozi siyaoni?

— Sogea uchungulie.

Mmoja wao akacheka. Mphikeleli hakucheka.

Ukweli wangu? Nataka Falakhe afe. Afe polepole, na mimi nipewe kiti. Lakini siku niliyovalishwa blauzi, miaka kumi na tisa iliyopita, nilisema mbele ya watu kwamba nitavumilia na sitalipiza. Hakuna aliyenishika shingo. Neno nilimpa Bwana kwa mdomo wangu, na sijui mtu anapita njia gani kwenda kumwambia nirudishie. Kwa hiyo nakaa. Mkuki wa Muzi nimeutoa darini nikauweka chini ya mkeka. Naulalia. Unaumiza mbavu.

Alhamisi, 12 Machi

Benchi la nyuma lina mguu mmoja mfupi. Ukihema linalia. Nimekaa na wasichana wawili wasiojua kufunga mdomo. Mbele MaXaba anaimba, na pale palipotoka jino panapiga mluzi. Msichana mmoja akacheka. Nikamfinya. Hilo halihesabiwi kumwaga damu.

Kunyamaza kunauma kuliko nilivyodhani. Mimi ndiye niliyekuwa naomba mpaka mabati yanatikisika! MaHlatshwayo anasema niombe moyoni. Moyoni! Moyoni mwangu kila chumba kuna Falakhe. Nikasema tu: Bwana, nipo. Nikarudia hivyo hivyo mpaka watu wakatoka.

Jumapili, 22 Machi

Wamekuja. Saa ya kukamua, jua bado jekundu. Vitambaa vyekundu vichwani, ndiyo alama yao. Wetu hufunga vyeupe.

Mzee Gwala alikuwa anaziba ua wa ng'ombe. Masikio yake yamekufa zamani, hakuwasikia. Walimpiga shoka akiwa ameinama. Akakaa chini taratibu kama mtu aliyechoka. Wakampiga la pili akiwa amekaa.

Nyumba ya Mphikeleli imeungua na mahindi yote ndani. Thobekile, mjane wa Muzi, alikimbia na mtoto mgongoni. Risasi ilipita kwenye shuka la kumbebea, ikaingia huku ikatokea huku, na mtoto hana hata mkwaruzo. Nimelishika shuka lile. Matundu mawili. Ng'ombe waliwakata mishipa ya miguu ya nyuma, hawakuwaua. Wanyama walilala wakilia kama watu mpaka wetu walipowamaliza kwa mkono wao.

Wa kwao wawili walibaki korongoni. Nilimwona Bhekani, kijana wa Mphikeleli, baba wa watoto wawili, anampiga rungu mtu aliyekufa kitambo. Anapiga, anapumzika, anapiga. Nikamwita kwa jina. Hakunisikia. Uso wa yule mtu ukawa hauna mtu tena.

Mphikeleli akaingia kwangu na masizi mpaka kwenye meno. Akaweka mguu juu ya mkeka.

— Damu ya Gwala iko hapa. Hapa ulipokalia!

Nikazidi kuukalia mkeka.

— Unamngoja nani, shemeji? Huyo Bwana wako ana ng'ombe wangapi waliolala pale nje?

Akatema mate pembeni akatoka.

Hilo nililivumilia. La Thobekile sijalivumilia bado. Alisimama mlangoni, mtoto bado mgongoni. Akasema: Mama, mume wangu alikuwa mwanao, au alikuwa jirani?

Jumatatu, 23 Machi

Tumemzika Gwala. Hakuna aliyenipa mkono.

Alhamisi, 26 Machi

Wanawake saba tu kanisani. Kutoka ng'ambo, mmoja — MaXaba. Jicho moja limefumba, limevimba kama tunda.

Tulipotoka kaningoja mlangoni. Maneno yetu ya kwanza tangu msiba.

— Hilo jicho si langu, nikamwambia. Langu ni jino.

— Jicho ni la kwetu. Wanasema nawaletea nyinyi habari zao.

— Na bado unakuja?

— Na wewe bado unakuja? Mwenzangu, wewe umevuliwa, mimi nimepigwa. Tuulizane nani mjinga.

Kisha akasema: Falakhe nampakulia, naweka sahani chini, natoka. Mkono wa kumpa sina.

— Sikukuuliza habari za mwanao.

— Najua. Nakwambia tu.

Nikageuka niende zangu. Akasema nyuma yangu: Ngumi yako, MaKhanyile, nzito kuliko ya marehemu mume wangu, na yeye alikuwa akifanya kazi mgodini.

Kicheko kilinipanda mpaka kooni. Nikaondoka mbio, kisinitoke nimevaa nyeusi. Njiani nikalia. Sijui ni kwa lipi.

Jumanne, 31 Machi

Mawe juu ya bati usiku kucha. Watoto wa kwetu, nimezitambua sauti. "Bibi wa ng'ambo! Bibi wa ng'ambo!" Kuna mmoja nilimzalisha mama yake kwa mikono hii.

Thobekile haniletei uji tena. Nimejipikia mboga za mwitu. Chungu! Nimekula zote.

Alhamisi, 9 Aprili

Shemeji katoa amri. Kuanzia kesho sitoki langoni, hata kwa maombi. Bhekani kawekwa kilimani na bunduki kulinda kivuko. Mphikeleli mwenyewe sasa mpole kama asali. Anasema: Pasaka inakuja, shemeji, kanisa lenyewe linasema mtu avue nyeusi Pasaka. Utavaa blauzi yako, utatoka mkekani, na sisi tutaosha. Kila mtu na imani yake!

Shetani ana kalenda, kumbe.

Nikawaeleza wanawake. Alhamisi Kuu sitafika. MaHlatshwayo akasema: basi sisi tutakuletea. Tutakuja na nguo za kawaida, vikapu kichwani, kama tunakwenda kuchuma mboga, maana njia ina macho.

Nikakataa! Nikasema mlinivua mbele ya watu, mtanirudishia mbele ya watu. Alhamisi tano nimekaa na watoto, nimezibwa mdomo, kwetu natupiwa mawe. Blauzi yangu haiji kikapuni chini ya mchicha kama kitu cha wizi. Njooni mmevaa kamili. Njooni mkiimba.

MaHlatshwayo akacheka, akanishika shavu. Sawa, bibi harusi, akasema.

Sikumwambia Mphikeleli. Niliogopa atawazuia.

Alhamisi, 16 Aprili

Mkono hautaki. Andika.

Kulikuwa na ukungu. Wimbo niliusikia kabla ya kuwaona. Nikasimama mlangoni, na moyo wangu — andika na hili — moyo ulikuwa na raha. Nikasema, haya, waone sasa, na mawe yao.

Tisa, kwa mstari, wanapanda kutoka kivukoni. MaHlatshwayo mbele. MaXaba wa pili, amebeba blauzi yangu mikononi juu ya kitambaa cheupe. Ukiwa kilimani kwenye ukungu ule, unaona nini? Unaona wekundu unavuka mto. Unasikia kuimba. Na watu wa vita nao huja wakiimba.

Ilinijia hapo mlangoni. Hapo! Siyo wiki nzima, siyo zile usiku zote nilipokuwa nimelala juu ya chuma cha mkuki. Nikafungua mdomo nipige kelele na bunduki ikanitangulia.

Mara mbili. Wimbo ulikatika kwa MaHlatshwayo kwanza, kisha kwa wengine mmoja mmoja, kama taa. Risasi ilimpiga kooni. Nilipofika alikuwa anajaribu kufunga kifungo cha ukosi, vidole vinateleza, kwenye ukosi ule hapakuwa na weupe tena. Alinitazama. Hakunilaumu, na afadhali angenilaumu. Akafa na mkono kwenye kifungo.

Herufi hizi zote ni zake. Hata hii. Hata hii.

Risasi ya pili ilimwingia MaXaba kwenye nyonga. Mfupa nimeuona. Hakulia, alikuwa anauma ukingo wa sketi.

Bhekani akaja anateremka mbio kumalizia kazi. Akaziona kofia nyeupe. Bunduki ikamtoka, akaanguka kwa magoti akatapika, anasema nilidhani, mama, nyekundu, nilidhani — MaHlatshwayo ni dada wa mama yake. Nikanyanyua mkono. Nilikuwa na nguvu za kumvunja taya.

— Beba miguu, nikamwambia. Acha kutapika, beba miguu.

Tukambeba MaXaba, yeye miguu, mimi mabega, tukamlaza kwangu. Kwenye mkeka sikumweka, nilimpa godoro. Blauzi alikuwa bado ameikumbatia. Akanisukumia.

— Umerudishiwa, akasema. Mbele ya watu.

Ijumaa Kuu, 17 Aprili

Gari la hospitali limefika barabara kuu likageuka. Dereva anasema hata kwa bunduki havuki. Msaidizi wa zahanati kaja kwa miguu, kafunga jeraha, kasema asisogezwe leo, mfupa utakata mshipa atakwisha njiani.

Saa tatu kaja mtu na neno la Falakhe: jua likiwa utosini mama yangu awe amevuka, la sivyo naja kumchukua mwenyewe, na nikija sitaacha nyumba yenye paa.

Mphikeleli kafurahi! Kapiga mapaja kama mtu aliyeletewa mahari. Swala anakuja kwa miguu yake! Vaa, shemeji. Umerudishiwa, vaa. Toka mkekani sasa hivi, nipe mkuki, uoshwe hapa hapa langoni.

Na akina mama wenzangu, walioshinda na maiti ya MaHlatshwayo, nao wananiambia nivae. Ameifia ile, MaKhanyile. Utamzika na nyeusi kama mtu wa njiani?

Nataka kuivaa. Bwana, unajua nilivyo. Nimeshika ukosi nimenusa, yeye ndiye aliyeupiga pasi. Lakini nikiivaa nimetoka kwenye nyeusi, na nikitoka kwenye nyeusi nimetoka mkekani, na mkuki uko huru. Wamenirudishia kitu ambacho siwezi kukivaa. Ningesema neno hapa, ila daftari ni la Mkristo.

Nimeikunja, nimeiweka chini ya nyonga ya MaXaba kunyonya damu. Nyekundu juu ya nyekundu, haionyeshi.

MaXaba ameona yote. Akasema: Vaa, MaKhanyile. Mimi nitaelewa.

— Nyamaza. Mimi nimenyamaza Alhamisi sita. Wewe nyamaza Ijumaa moja.

Amefumba macho. Midomo inacheza. Sijui anamwomba nani, mwanawe aje au asije.

Baadaye

Amekuja. Yuko langoni peke yake. Wenzake wako kivukoni, tunawaona. Kitambaa cha kichwa amekivua, amekizungusha mkononi. Ameweka bunduki chini mbele ya watu wote. Anaita. Hatukani, hatishi. Anaita mama! mama! kama ndama.

Ndiyo mara ya kwanza namwona tangu kisimani. Amekonda. Nikamtazama mkono wa kulia, ule wenyewe.

Wetu wamelala kwenye mabua ya mahindi, pande zote mbili za njia. Mphikeleli kasema, bila kuficha, ili nisikie: akivuka lango ni wangu, mkuki au hakuna mkuki, laana nitaibeba.

Sawa. Kutoka langoni mpaka mlangoni kwangu ni hatua arobaini. Hawatapiga mtu aliyeshikwa mkono na mimi, au watapiga. Nitamfuata. Nitamleta amwone mama yake, kisha nitamrudisha. Ya kumpenda sijafika, Bwana asinidai leo. Namshika mkono tu.

Ila nikisimama watasema nimetoka mkekani, watauchukua mkuki. Kwa hiyo nimeuviringisha mkeka na mkuki ndani yake, nimeufunga mgongoni kwa shuka kama nimebeba mtoto. Waseme sasa nimetoka! Nimetoka nao.

Fundo halikazi, vidole vyangu vya uzee. Thobekile kaja nyuma yangu. Analikaza. Nasikia mikono yake inapita juu ya mkeka, inafuata chuma kilipo, na sijui kama anakaza au anafungua. Sigeuki.

Falakhe bado anaita.

Wewe MaKhanyile, ukilifungua tena daftari hili usianze na hadithi. Andika kwanza majina ya walio hai, wa huku na wa ng'ambo, mstari mmoja bila kuwatenga. La kwako weka mwisho.